Wana-mbuzi wa baridi ya Julai

Habari zenu, wafugaji. Juzi hapa Ruai mbuzi wangu alizaa saa tisa usiku, mtoto nikamkuta kwenye tope, mdomo baridi kama bomba. Nikakosea: nikamkimbilizia maziwa. Aliyepoa hamezi vizuri, maziwa huweza kuingia mapafuni. Nusura nimpoteze! Mkaushe kwanza kwa gunia, mpashe joto, ndipo anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa 6 tangu azaliwe. Wa kilo 3 anahitaji kama mililita 300 siku ya kwanza. Kitovu kichovyeni kwenye ayodini, si kupangusa na pamba.

Jumamosi tukutane kwangu saa nne asubuhi. Mwenye chupa ya mtoto isiyotumika abebe. Na gambuti, jamani, hii njia yetu mnaijua.