Risala ya Klabu ya Uhifadhi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufunguzi wa Chumba cha Vyura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia chumba hiki. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza kazi hii tukimfikiria chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996, naye alipatikana mahali pamoja tu duniani: takribani hekta 2 za majani mabichi chini ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, palipolowa manyunyu usiku na mchana. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua mno. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakapewa chakula na ulinzi. Hata hivyo walikufa kwa wingi, wakabaki chini ya 100, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliobaki katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo walinusurika baada ya makazi yao kurekebishwa: maji yaliyosafishwa, manyunyu ya mara kwa mara, wadudu wadogo walioongezewa vitamini, na taa za mionzi ya urujuanimno, ile iliyomo katika mwanga wa jua. Taa hizo tunaziona ni jambo kubwa. Bila mionzi hiyo chura hatengenezi vitamini D ya kutosha, kalsiamu haifyonzwi, mifupa inalegea. Na jike wa Kihansi hatagi mayai. Huzaa vitoto kamili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Mama aliyelegea mifupa atawabebaje? Wakaongezeka, mwaka 2010 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi.

Sisi tunafuga vyura wa matete, wa kawaida kabisa. Unyevu ulipokuwa uleule kila siku, madume walikaa kimya. Tukaacha matangi yakauke kidogo, kisha tukanyunyizia jioni mfululizo mithili ya masika. Dume mmoja akapanda kwenye tete, akavimbisha kifuko cha koo, akaita hadi usiku wa manane. Wengine wakaitikia.

Changamoto zetu ni maji ya bomba yenye klorini, umeme kukatika, na taa ambazo huendelea kuwaka ilhali mionzi yake imekwisha nguvu. Tunaomba utusaidie tangi la maji ya mvua lenye chujio, jenereta ndogo na taa za kubadilisha.

Ombi la mwisho ni kwa wote wanaotuletea vyura. Tunawashukuru, lakini kwa sasa hatutapokea wengine. Matangi yakijaa, vyura hugombania chakula na maficho, na kuvu ya ngozi husambaa upesi. Kwanza tuwatunze hawa hadi wazae.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.