Slebu Imepasuka, Lakini Usiilaumu Simiti

Wiki iliyopita mteja aliingia dukani na kipande cha zege, kutu imekiganda. "Simiti yenu ina majivu, ndiyo iliyoniharibia nyumba," akasema. Hapa Lamu tumeshalisikia sana hilo.

Majivu yamo, hatukatai. Mfuko ulioandikwa CEM IV/B una pozolana, ndiyo hayo majivu, baina ya asilimia 36 na 55. Kwetu Kenya ni jivu la volkano. Kwingine huwa la makaa ya mawe. Kazi yake ni kula chokaa inayotoka kwenye simiti na kuigeuza gundi, polepole, mpaka chumvi ya bahari ipenye kwa shida. (Mteja alisema ndugu yake aliyeko Ulaya alimwambia zege la majivu hupukutika kwenye barafu. Huko ni kweli lina shida zake, maana maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Kwetu barafu iko kwenye masanduku ya samaki.)

Ila chokaa hiyo hiyo ndiyo inayokinga chuma na kutu. Hewa ya ukaa ikiingia huimaliza. Wazee wetu waliitaka hewa hiyo, maana ndiyo iliyoigandisha chokaa ya matumbawe kwenye nyumba za Mji wa Kale ikawa jiwe. Lakini dari zao zilishikwa na boriti za mikoko, si chuma. Chuma kikishakosa kinga hushika kutu, kikavimba, kikaipasua slebu kutoka ndani.

Zege la pozolana lina akiba ndogo ya chokaa, kwa hivyo likinyimwa maji mapema hewa huingia mbio. Kipande cha mteja wetu kilikuwa na chuma nusu inchi tu kutoka nje, na fundi aliimwagia slebu maji siku 2 akaondoka! Sisi tunataka siku 10, na kaskazi ikivuma 14, slebu ifunikwe magunia mabichi. Maji yawe matamu, ya Shela au ya birika la mvua. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Nyumba ya mbele ya bahari, chuma kizame inchi 2, kikalie vijiwe vya zege, kisilale juu ya mbao.

Ukishuku slebu yako, tuite. Tunachimba kidogo na kudondoshea fenolfthalini, dawa ya kupimia, hapo hapo: penye chokaa hugeuka rangi ya waridi, palipokwisha hapageuki. Kipande kilichovunjwa juzi usituletee, uso wake umeshaliwa na hewa.