Rimu kuingia si rimu kukaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu rimu za mtumba, hasa kwa sisi tunaoendesha pikapu za zamani huku Njombe. Yaliyonipata mwezi Machi yangeweza kuua watu watatu, na kila wiki naona kijana mwingine anafunga rimu kwa namna ileile niliyofunga mimi.

Gari langu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za majani mbele na nyuma. Ndiyo inayotoa viazi vyangu Uwemba mpaka barabara kuu. Rimu zake za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu pale mdomo wa tairi unapokaa, kila asubuhi nakuta tairi moja limelala. Nikamtuma mwanangu eneo la Gerezani, Dar es Salaam, aniletee nyingine. Akaja na nne za aluminiamu zilizotoka kwenye Hilux ya kisasa, pamoja na matairi yake, kwa shilingi laki tisa. Muuzaji alimwambia, "Tundu sita ni tundu sita, kaka, hizi zinaingia."

Na kweli ziliingia. Pikapu nyingi zinazovuta magurudumu yote manne zina matundu sita ya kufungia nati, na ukipima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo, unapata milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Hilux ni hivyo, Mitsubishi L200 ni hivyo, Isuzu D-Max ni hivyo, Nissan Patrol ni hivyo. Land Cruiser pikapu za zamani nazo ni hivyo. Zile zilizotoka baada ya 1999 ndizo zenye matundu matano. Anayehesabu matundu tu ataona rimu za nusu ya mji ni zake.

Tundu la katikati ndilo linaloanza kuwatenganisha. La Hilux ni milimita 106. La L200 ni 67 na kidogo, halipiti kabisa kwenye habu ya Hilux, yaani kile kitovu rimu inapofungwa, na nimeshamwona fundi akilipanua kwa grainda huku mwenye gari amesimama pembeni anamshukuru. Rimu iliyochongwa kwa mkono haikai katikati tena. Rimu ya namna hiyo nisingepanda gari lake hata kwa kulipwa.

Zangu zilikuwa na tundu sahihi. Kilichotaka kutuua ni nati.

Tulikuwa tunashuka na magunia ishirini, mimi, mwanangu na mama mmoja jirani aliyeomba lifti kwenda zahanati. Nyuma kushoto kukaanza kugonga, kwanza polepole, halafu kwa kufuata mwendo wa gurudumu. Nikadhani beringi. Niliposimama na kuinama, nati tatu hazikuwepo, stadi mbili, zile bolti zinazoshika nati, zimekatika, na nati moja iliyobaki naizungusha kwa vidole. Matundu ya rimu yalikuwa yamevutika, hayana duara tena, yamekuwa kama yai. Kila tundu limezungukwa na vumbi la kijivu linalometameta, aluminiamu iliyosagwa. Yule mama alilipangusa kwa kidole akanionyesha, hakusema kitu.

Fundi mmoja wa siku nyingi pale Makambako ndiye aliyenifungua macho. Alinimwagia kiganjani nati za aina mbili. Ya rimu ya chuma mdomo wake umechongoka kama pia, unazama kwenye tundu lililochongwa kuupokea. Ya rimu nyingi za aluminiamu za kiwanda cha Toyota ina shingo nyoofu na washa bapa, inakaa juu ya uso ulio tambarare. Mimi nilikuwa nimefunga rimu mpya kwa nati zangu za zamani. Mdomo ule uliochongoka ulikuwa umegusa ukingo mwembamba wa tundu tu, ukaula kidogo kidogo mpaka nati ikalegea. Uzi wa nati zote mbili ni mmoja, ndiyo maana spana haikuniambia lolote.

Kuna na la pili, ambalo dalili yake nilikuwa nimeisikia tangu siku ya kwanza nikaipuuza. Nikikata kona mpaka mwisho, tairi la mbele lilikuwa linasugua springi. Rimu za Hilux za sasa zinaingia ndani zaidi kuliko za zamani. Fundi alinionyesha namna ya kupima bila mashine: laza gurudumu kifudifudi, uso wa nje chini, weka ubao ulionyooka juu yake, pima kutoka kwenye ubao kushuka mpaka pale rimu inapokutana na habu. Fanya hivyo kwa la zamani, fanya kwa jipya lenye upana uleule, linganisha. Ni kazi ya dakika tano. Na matairi yenyewe, saizi 265/65R17 badala ya 205R16 yangu, yalikuwa marefu kwa sentimita nne hivi, maana yake mshale wa spidi ukisema 80 mimi niko karibu na 85, na mzigo nyuma.

Ninachowaomba wauza rimu, Gerezani na hapa kwetu, ni mambo mawili. Mteja aruhusiwe kupima kwa futi na kujaribu rimu moja kabla ya kulipa. Na rimu iuzwe na nati zake. Aliyeifungua kwenye gari lake alizifungua nati pia, basi zimekwenda wapi?

Mwezi uliopita nilipata rimu za chuma za inchi 16, za Hilux ya miaka ileile ya yangu. Safari hii mwanangu alikwenda na futi na nati moja mfukoni. Alinipigia simu akiwa dukani, akanisomea vipimo kimoja kimoja, mimi nimechuchumaa nyumbani na rimu ya zamani mbele yangu. Tulizifunga Jumamosi, na baada ya kilomita hamsini nilisimama nikazikaza tena zote ishirini na nne.

Mkulima wa viazi,
Uwemba, Njombe.