Umri wa majaji kustaafu usiachiwe sheria ya kawaida

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu viongozi wanaojinadi kuwa sauti pekee ya wananchi. Wakitaka kuidhibiti mahakama hawahitaji kuifunga. Hubadili kifungu kimoja chenye sura ya utumishi tu: umri wa kustaafu.

Hungaria ilishusha umri wa majaji kutoka miaka 70 hadi 62, sheria ikaanza Januari 2012. Wenye umri huo ndio waliokuwa wakiongoza mahakama nyingi, hivyo viti vya juu vikawa wazi kwa mkupuo. Mahakama ya Katiba iliibatilisha Julai, na Mahakama ya Haki ya Ulaya, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya, ikaikataa Novemba mwaka huohuo. Majaji walishinda kesi, lakini nafasi za uongozi zilikwisha kujazwa, na wengi waliishia kupokea fidia.

Poland ilijaribu hivyo mwaka 2018 kwa Mahakama ya Juu, kutoka 70 hadi 65. Zaidi ya theluthi ya majaji waliguswa, akiwemo mkuu wa mahakama hiyo, aitwaye Rais wa Kwanza, Małgorzata Gersdorf, ambaye Katiba ilimpa kipindi cha miaka sita. Alikataa kuondoka. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, nayo ilifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Ulaya Oktoba 2 pamoja na maombi ya zuio la muda, na Oktoba 19 zuio likatolewa. Majaji wakarudi kazini. Hukumu yenyewe ilitoka Juni 2019. Wangeisubiri, yangewakuta ya Hungaria.

Mawakili wazingatie hili: maombi ya zuio yapelekwe siku ileile ya kufungua kesi, chini ya hati ya dharura, yakiomba sheria isitekelezwe na pia warithi wasiteuliwe. Ombi la pili likisahaulika, jaji hurudi akamkuta mwingine kitini.

Mwanya wa Poland ulikuwa wazi: Katiba yake inaiachia sheria ya kawaida kupanga umri. Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika miaka 70 katika ibara ya 167, na kugusa uhuru wa mahakama kunahitaji kura ya maoni. Huo ndio uandishi ninaoupigania.

Tutaambiwa ni kupisha vijana. Basi umri mpya uwahusu watakaoteuliwa baadaye, si walioko kitini. Hungaria iliwaondoa majaji wa miaka 62 kwa hoja ya kulinganisha umri wa kustaafu wa watumishi wote, ilhali ilikuwa imeshapanga kuanza kuupandisha umri huohuo mwaka 2014, hadi ufike 65.