Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Saratani: ile 90 ya mwisho iko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Hongera kwa ripoti ya mwaka mliyoizindua wiki iliyopita hapa Dodoma. Nilikuwepo, ingawa si kwa mwaliko. Nilikuwa dirisha la maabara, ng'ambo ya ukuta wa ukumbi, na vipaza sauti vyenu ni vizuri mno, sikukosa neno. Huduma zimepanda, tafiti zimeongezeka, kliniki tembezi zimefika vijijini. Makofi. Katikati ya makofi hayo binti wa dirishani akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kinyama cha dada yangu, kile kipande kilichokatwa mwilini mwake ili kipimwe saratani, hakionekani.

Nieleze kidogo, maana najua mafaili ni mengi. Dada ni mkulima wa alizeti huko Kongwa. Aligundulika na tatizo la mlango wa kizazi kwenye hema lenu Kibaigwa, siku ya gulio. Nesi alimpima kwa siki, akaona, akamwandikia rufaa hapo hapo. Nesi yule anaijua kazi yake. Bila yeye tungekuwa bado tunachemsha mizizi. Hata binti yangu amechanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, pamoja na maneno yote ya mtaani kuhusu ugumba. Hayo mmeyafanya, siyakatai.

Ila baada ya hema, Mheshimiwa?

Kinyama kilikatwa kliniki, kisha nikakabidhiwa mimi. Kichupa cha plastiki chenye dawa, kimezungushiwa plasta nyeupe yenye jina, nikaambiwa nikipeleke maabara mwenyewe. Kifuniko hakikukaza. Dawa ikanivujia vidoleni, wino wa herufi za mwanzo ukachuruzika. Nikamwonyesha aliyepokea, akasema hakuna shida, akakiweka kwenye trei na vingine. Tangu hapo ni njoo Jumatatu, njoo Jumatatu. Sijui kumetokea nini. Pengine daktari wa kusoma vinyama ni mmoja na anahitajika kila mahali, pengine kemikali ziliisha, pengine malipo yetu hayasomeki kwenye mfumo, pengine ni lile jina lililofutika. Nabuni tu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza.

Dada hupanda basi na kanga ya ziada, ya kukunja na kukalia, maana damu haikatiki. Safari iliyopita mama mmoja alihama siti kwa sababu ya harufu. Dada akageukia dirishani mpaka tunafika Mbande, kana kwamba anatazama mashamba. Maksai wetu wameshauzwa, msimu huu tumelima kwa jembe la mkono, na aliyewanunua analima shamba la jirani nao, tunawaona kila asubuhi.

Tumeshajipanga kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Tangu 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kwa saa chache, na ndugu wa Mbagala amekubali kumpokea, jambo ambalo si dogo, kwa sababu mionzi ni siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, pamoja na dawa za dripu. Kila kitu kipo isipokuwa karatasi moja ya maabara. Bila hiyo nani atamwanzishia?

Nilikusikia ukitaja lengo la Shirika la Afya Duniani la kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi, 90-70-90 ifikapo 2030. Ukaeleza vizuri kwamba asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, na asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na 35 na tena wakiwa na 45. Halafu ukapita kwenye shukrani kwa wafadhili. Ile 90 ya mwisho, Mheshimiwa, ya waliokutwa na ugonjwa kupatiwa matibabu, mbona hukuifikia? Tumeambiwa wangapi walipita hemani. Hatukuambiwa wangapi kati ya waliogundulika walianza tiba, na wangapi bado wako barabarani na kanga za kukalia.

Utafiti nao nimeusikia. Vijana wenye vishikwambi walikuja mpaka nyumbani, dada akatia dole gumba, akaulizwa mpaka kama nyumba ni ya tembe au ya bati. Ripoti inasema kazi imekamilika. Hakuna aliyerudi hata kuuliza jibu limetoka au vipi.

Na mwaka jana, kwa kinywa chako, ulisema majibu ya vinyama yatatoka ndani ya wiki mbili, na kila aliyegundulika atakuwa na mtu wa kumfuatilia kwa simu. Simu yangu naichaji kila siku kwa jirani mwenye sola. Haijalia.

Sidai jengo wala mashine. Naomba kinyama cha dada kitafutwe. Kama hakipo, tuambiwe hivyo waziwazi, akatwe kingine bila kulipa upya na bila kurudi mwisho wa foleni, na safari hii kipelekwe maabara na mtumishi wenu. Ripoti ijayo mtaandika mtakavyo. Kwanza kinyama.

Jumatatu tunakuja tena. Dirishani sitakwenda. Nitakuja na dada mpaka mlangoni kwako, na tutakaa hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa, Kongwa