Si idadi ya ndoa inayokwamisha viza ya mwenzi, ni tarehe

Mhariri,

Barazani na hata magazetini husemwa kwamba aliyewahi kuoa au kuolewa, akiomba viza ya kumfuata mwenzi wake Marekani, anaanza na doa. Wengine hushauriwa waifiche kabisa ndoa ya kwanza, "maana ilidumu miezi minne tu na hamkupata mtoto." Ushauri huo umeharibu mafaili mengi kuliko talaka zenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haijaweka kikomo cha ndoa alizowahi kufunga mtu. Aliyetaliki mara nne anaweza kumpeleka mke wa tano, na aliyetaliki mara moja akakwama. Mara nyingi kinachowatofautisha ni tarehe mbili: siku ndoa ya zamani ilipokufa kisheria, na siku ndoa mpya ilipofungwa.

Safari huanza na fomu I-130. Anaijaza raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, na kuipeleka USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Humo mna swali linaloonekana jepesi: umefunga ndoa mara ngapi? Ndoa ya sasa nayo inahesabiwa, kwa hiyo mjane aliyeolewa tena anaandika mbili, si moja. Kisha yanatakiwa majina ya wenzi wote, wa sasa akitangulia, na kwa kila wa zamani tarehe ndoa ilipoisha. Mbele kidogo fomu hiyohiyo inauliza mambo hayohayo kuhusu mwenzi aliye nje ya Marekani.

Kila jina la mtalaka au marehemu linadai karatasi yake: amri ya mwisho ya talaka, hukumu ya kubatilisha ndoa, au cheti cha kifo. Hapa watu huleta za upande mmoja. Mke anahangaika mpaka anapata talaka yake, mume aliyeko Marekani haleti yake kwa kuwa ilitolewa hukohuko na anaamini serikali inaijua. Serikali haiijui mpaka aiambatishe.

Tumesema amri ya mwisho, na neno "mwisho" lina uzito. Nchi nyingi hutoa talaka kwa hatua mbili. Kwa sheria ya sasa ya England na Wales, mahakama hutoa kwanza amri ya masharti, na ile ya mwisho haiombwi mpaka zipite wiki 6 na siku moja. Karatasi ya kwanza ina muhuri na majina, na aliyeishika hujiona huru. Si huru. California, ndoa haiwezi kuvunjika kabla ya miezi 6 kupita tangu mdaiwa alipopelekewa hati za shauri, hata kama wote wawili wamekubaliana tangu siku ya kwanza. Wisconsin ni kali zaidi: talaka imekamilika, lakini kwa miezi 6 baada ya hukumu hakuna kati yao anayeruhusiwa kufunga ndoa popote duniani, na akifunga ni batili.

Tuseme amri ya mwisho ni ya tarehe 14 Juni, na cheti cha ndoa mpya ni cha tarehe 2 Juni. Siku 12 tu. Wenyewe hudhani ni dosari ya kurekebishwa kwa hati ya kiapo au barua ya wakili. Hairekebishiki hivyo, kwa sababu tarehe 2 Juni bwana arusi alikuwa bado mume wa mtu mwingine, na ndoa mpya haikuwahi kuwapo. Dawa ni moja: wafunge ndoa upya sasa kwa kuwa wote wako huru, kisha wapeleke I-130 nyingine kwa ada nyingine. Ile ya kwanza haiokolewi na cheti kipya, kwani uhusiano unapaswa kuwa halali siku fomu ilipowasilishwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, weka hati zote za pande mbili mezani na uzipange kwa tarehe: ndoa, talaka, ndoa, talaka, ndoa. Zikipandana popote, simama hapo kwanza.

Talaka ya mdomo na ya kimila zina mjadala wake. Marekani inauliza kama talaka inatambuliwa na sheria ya mahali ilipotolewa. Pale ambapo sheria inataka talaka ya kidini isajiliwe au ithibitishwe na mahakama, barua ya sheikh peke yake haitoshi, hata kama eda imekwisha zamani na mtaa mzima unajua. Talaka za kununua kwa posta, kutoka nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi, zisikushawishi. Kuhusu mila, mwaka 2008 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani, katika shauri la ndoa ya kimila ya Ghana, ilikubali kwamba amri ya mahakama si ushahidi pekee na kwamba viapo vya wakuu wa familia vinaweza kutumika. Lakini viwe viapo vyenye maelezo kamili ya nani, lini, wapi na kwa taratibu gani. Kiapo cha mistari mitatu kinachosema "hawa walikwisha achana" hakimsaidii mtu.

Na kutengana si talaka. Kama mume alitoweka mwaka 2011 na hajaonekana tena, kisheria bado yupo mpaka mahakama ivunje ndoa au imtangaze kuwa amefariki.

Mitala ni hivyohivyo. Hata pale inaporuhusiwa, uhamiaji wa Marekani unaitambua ndoa ya kwanza tu. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kumtaliki bi mkubwa hakuifanyi ndoa ya mke wa pili iwe halali kwa ajili ya viza: lazima wafunge upya baada ya talaka hiyo.

Sasa tuje kwa ndoa ya zamani iliyompa mtu grini kadi, maana hapa ndipo USCIS hufungua faili la kale. Mwenye ukaazi wa kudumu alioupata kupitia ndoa, akaachana na mwenzi huyo, hawezi kumwombea mwenzi mpya kabla ya miaka 5 tangu awe mkaazi, isipokuwa athibitishe kwa ushahidi ulio wazi na wenye nguvu kwamba ile ya kwanza haikuwa ya kukwepa sheria, au kwamba iliisha kwa kifo. Akishakuwa raia, kikwazo hiki kinaondoka. Asiyeweza kusubiri akusanye ushahidi wa maisha ya pamoja ya zamani: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki za pamoja, marejesho ya kodi, bima, vyeti vya watoto. Mtalaka mara nyingi ndiye mwenye nusu ya karatasi hizo. Ndiyo maana ni busara kuchukua nakala wakati bado mnasalimiana.

Kizito kuliko hicho ni kifungu cha 204(c) cha sheria ya uhamiaji. Mgeni akibainika aliwahi kufunga ndoa, au kujaribu au kula njama ya kufunga ndoa, ili kupata manufaa ya uhamiaji, hakuna ombi lolote litakaloidhinishwa kwa ajili yake baadaye. Si la mwenzi mpya anayempenda kwa dhati, si la mwajiri, si la mtoto wake aliyekuja kuwa raia. Msamaha haupo, wala haisaidii kusema hakupata chochote kutokana na ndoa ile. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenzi aliyewahi kuombewa na Mmarekani mwingine ni hili: ombi lile liliishaje? Lilikataliwa kwa sababu ipi, au mwombaji aliliondoa, na aliandika nini alipoliondoa? Barua ya mtalaka mwenye hasira inayosema "alinitumia kupata karatasi" hukaa kwenye faili miaka yote. USCIS ikitoa taarifa ya kusudio la kukataa, muda wa kujibu hauzidi siku 30. Huwezi kuanza kutafuta mkataba wa nyumba ya miaka tisa iliyopita ndani ya siku 30, basi uutafute kabla.

Ubalozini kazi kubwa ya ofisa ni kulinganisha. Ana fomu DS-260 ya viza ya uhamiaji, na anaweza kuwa na DS-160 ya zamani uliyojaza ulipoomba viza ya utalii. Kule uliandika umeolewa, ukidhani mwenye mume ataaminiwa kuwa atarudi. Huku unasema hujawahi kuolewa kabla ya ndoa hii. Tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu juu ya jambo la msingi, na adhabu yake ni kuzuiwa kuingia maisha yote. Msamaha wake huombwa kwa fomu I-601, na ni lazima kuonyesha kwamba mume, mke au mzazi ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu atapata taabu ya kupita kiasi.

Hukumu ya talaka yenyewe nayo huzungumza. Isome yote, si ukurasa wa mwisho tu. Inasema "wadaawa hawakujaliwa watoto," na DS-260 imeorodhesha wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hiyo. Inasema waliishi pamoja mpaka Agosti 2021, na mwenzi mpya anaeleza wamekaa nyumba moja tangu 2019. Pengine kuna maelezo ya kweli, mathalani wakili aliandika tarehe ya kukisia na hakuna aliyebishana naye. Maelezo hayo yaandikwe mapema na yaambatane na ushahidi. Kama uhusiano mpya ulianza kabla ya talaka, sema hivyo. Ofisa si kadhi wala padri. Kumpenda mtu mwingine ukiwa bado umeolewa si sababu ya kunyimwa viza ya mwenzi, ila kudanganya kuhusu jambo hilo kunaweza kuwa sababu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni fomu I-864 ya kiapo cha kumkimu mwenzi. Mmarekani aliyeisaini kwa ajili ya mke wa kwanza bado anafungwa nayo hata baada ya talaka. Wajibu huo huisha mke yule akiwa raia, akitimiza robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, akiacha ukaazi na kuondoka Marekani, au akifariki. Mpaka hapo mtalaka anahesabiwa katika ukubwa wa kaya. Mwombaji anayejiona ana kaya ya watu wawili kumbe ana watatu, na kipato chake kinapaswa kufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kaya ya watatu. Akipungukiwa, atafute mdhamini mwenza mapema.

Wanaopitia viza ya mchumba, K-1, wajue kwamba wote wawili wanapaswa kuwa huru kuoana siku fomu I-129F, ya kumwombea mchumba, inapopelekwa. Hapo "talaka itatoka mwezi ujao" haikubaliki. Aliyekwisha peleka maombi mawili ya wachumba, au aliyeidhinishiwa moja ambalo halijatimiza miaka 2 tangu lipelekwe, anahitaji msamaha maalumu. Sheria hiyohiyo inamtaka atoe taarifa za makosa ya ukatili wa nyumbani na amri za zuio, na mchumba huelezwa rekodi hiyo kwenye mahojiano. Hapo historia ya ndoa ya zamani inamlinda anayesafiri, na kwa maoni yetu ni moja ya vipengele bora vya utaratibu huu.

Watoto wa ndoa ya awali: mtoto wa kambo anatambuliwa iwapo ndoa mpya ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, na raia hupeleka I-130 ya peke yake kwa kila mtoto. Tafuta pia karatasi ya malezi au ridhaa ya mzazi anayebaki.

Mwisho ni tafsiri. Hati isiyo ya Kiingereza itafsiriwe yote, pamoja na maneno ya ndani ya muhuri na yale yaliyoandikwa kwa mkono pembeni, na mtafsiri athibitishe kwa saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Aghalabu tarehe ya talaka kuwa ya mwisho iko hapohapo, kwenye mwandiko wa karani pembeni mwa ukurasa, na ndiyo inayoachwa.

Wasomaji wenu,
Wasaidizi wa nyaraka za uhamiaji