Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Turudishie Mchanga Wetu

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa chekechea katika shule moja ya umma hapa Eastlands, Nairobi. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuletea kwa njia ya kawaida zilipigwa muhuri wa kupokelewa na safari yao ikaishia hapo. Sitakutaja jina wala ofisi. Wewe mwenyewe unajijua, na walimu wenzangu watakutambua bila kusaidiwa.

Kilichonimalizia subira ni ziara yako ya juma lililopita. Siku moja kabla hujafika, maafisa wako walitangulia kukagua usafi wakaikuta kona yetu ya sayansi: beseni la mchanga, vizibo vya soda, kokoto, vijiti, makopo ya ukubwa mbalimbali na miche ya maharagwe iliyooteshwa katika chupa za plastiki zilizokatwa. Wakaamuru vyote vitupwe, kwa kuwa mgeni wa heshima hapokelewi jalalani. Vikatupwa. Kesho yake ukawasili na masanduku ya roboti za kuchezea na tableti, ukahutubu kwa ufasaha kuhusu Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ukapigwa picha ukiwa umempakata mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ukaondoka. Masanduku yakafungiwa ofisini, ambako mpaka leo yanamsubiri fundi wa kutufundisha kuyatumia, pamoja na soketi ya umeme ambayo darasa letu halijawahi kuwa nayo. Tunakushukuru kwa picha.

Naomba nikukumbushe, kwa unyenyekevu wote, kile ulichokitupa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unamtaka mtoto wa PP1 na PP2 apange vitu kwa makundi, avilinganishe, avihesabu kwa kuvishika, na apime urefu, uzito na ujazo. Katika shughuli za mazingira unamtaka aijue mimea, maji, udongo na hali ya hewa. Mtaala huohuo unatuhimiza walimu tutumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira yetu. Kwetu mtaani, Mheshimiwa, vizibo vya soda ndivyo vinavyopatikana.

Laiti ungefika siku ya kawaida, isiyo na hema wala viti vya kukodi, ungemkuta mtoto wa miaka minne ameinamia beseni la maji akiwa na kizibo kimoja mkononi. Anakilaza chali juu ya maji, kinaelea. Anakibonyeza ukingo kidogo, maji yanaingia, kinazama. Anakitoa, anakifuta kwa sweta (mama yake anisamehe), anajaribu tena, kisha anaweka kokoto ndani yake moja baada ya nyingine ili ajue kitabeba ngapi. Halafu anauliza: "Mwalimu, mbona ni kilekile?" Hapo amekwisha kutazama, kukisia, kujaribu na kuhesabu, na hakuna skrini iliyowashwa. Mwenzake, aliyejenga boma la mchanga likabomolewa na maji, anajenga jingine nene zaidi upande wa chini. Kama huo si uhandisi, basi sijui uliwahutubia wazazi kuhusu nini.

Hayo sikuyabuni mimi. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, na watoto wakajifunza kwa kumimina, kupanga na kupima kwa mikono yao wenyewe. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba ukimimina maji yaleyale kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba na ndefu, mtoto wa umri huu atakuambia yameongezeka. Huwezi kumtoa hapo kwa hotuba, ni lazima amimine na kumimina tena. Mwaka 2007 mtafiti Greg Duncan na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia makundi sita ya watoto, nao ukaonyesha kwamba ujuzi wa hisabati anaoingia nao mtoto shuleni ndio unaobashiri vizuri zaidi maendeleo yake ya masomo baadaye. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Tableti zako ni nyingi, Mheshimiwa. Mchanga ulikuwa mmoja.

Serikali imetangaza kwamba ingependa asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12) wafuate mkondo wa sayansi na hisabati. Lengo zuri. Mwanafunzi huyo wa Gredi ya 10 anaanzia kwangu, katika darasa lenye watoto zaidi ya hamsini na mwalimu mmoja wa kandarasi ambaye mshahara wake huja ukijisikia.

Na sasa nifike kwenye maji, maana huko ndiko ninakoumia zaidi. Bomba lililo karibu nasi liko upande wa shule ya msingi, nalo limefungwa kwa kufuli kwa sababu bili inalipwa na wao. Katiba ya 2010 iliiweka chekechea chini ya kaunti na shule ya msingi ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Nadhani tangu hapo hakuna anayejua ni nani anayepaswa kutuwekea mfereji, ingawa sote tuko ndani ya ua mmoja. Kwa hiyo ninanunua mitungi ya lita ishirini kwa mwenye mkokoteni, kwa pesa zangu, kwanza watoto wanawe mikono, na yanayobaki ndiyo tunayofanyia sayansi. Mwaka jana, mbele ya wazazi, ulituahidi bomba kabla ya muhula kuisha. Hukusema ni muhula wa mwaka gani, na huenda hilo ndilo kosa letu, kutouliza.

Wenzangu wanasema sababu ni ufinyu wa bajeti. Mimi nashuku ni kwamba mchanga hauna zabuni, wala hakuna anayekata utepe mbele ya beseni. Ukiniona nimekosea, nijibu kwa maandishi.

Sikuombi roboti zaidi. Sikuombi hata hizi zilizopo zifunguliwe leo. Zikae, mradi panya wasizifikie. Naomba maji. Naomba bomba moja upande wetu wa ua, toroli moja ya mchanga safi, na barua yenye sahihi yako inayosema kwamba hakuna afisa atakayevitupa tena vifaa vya watoto kwa jina la usafi. Na kama hayo matatu ni mzigo kwako, basi nipe barua hiyo peke yake, mchanga nitautafuta. Ikinifikia Ijumaa, kona ya sayansi itakuwa imerudi Jumatatu, kwani wazazi wamekwisha kuanza kukusanya vizibo.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa chekechea,
Eastlands, Nairobi.